Udi wa Kuzama wa Bi Mishi

Bi Mishi alikuwa mfukizaji. Siku hizi watu hawaihesabu kuwa kazi, lakini mwaka ule wa sabini na tatu hapakuwa na harusi ya Waswahili wa mjini Nairobi iliyopita bila yeye. Alikaa katika chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, karibu na Msikiti wa Jamia, na ukiingia kwenye ujia ule ulijua yumo kabla hujauona mlango wake. Nguo za bibi harusi zilipelekwa kwake zimekunjwa, zikarudi zimeingia moshi mpaka kwenye pindo. Alipika pia udi wake mwenyewe, ule wa vijiti vya sandali, sukari na marashi, akaufinyanga vidonge na kuwauzia wenye maduka.

Mumewe, mshona kanzu, alimtoa Mombasa akiwa kijana, kisha akafariki. Binti yake wa pekee naye alifariki katika uzazi, akamwachia mtoto wa kiume, Sharif. Bi Mishi akamlea mjukuu huyo peke yake. Alipenda kusema kwamba amemlea kwa moshi, na kwamba ndiyo sababu kijana hakohoi hata akae na wavuta sigara.

Mimi nilimjua kwa kumwona tu harusini mpaka Sharif alipoleta posa kwa binti yangu Mabruka.

Sisi tulikuwa tumepanga Kabiria, kwenye ploti ya Mzee Zachariah Mungai, vyumba viwili na kiwanja cha pamoja chenye mbarika na zizi la ng'ombe. Mume wangu Mohdhar alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini. Mimi niliuza iliki, pilipili manga na mdalasini sokoni Kangemi, kwa mizani yangu ndogo ya sahani mbili. Mabruka alikuwa amemaliza kidato cha nne na akifundisha sayansi katika shule ya harambee upande wa Waithaka. Ndiye mtoto wangu mkubwa, na tangu posa ije sikutulia. Nilikuwa nikianza kuosha vyombo naacha katikati, naenda kukunja nguo, naacha. Mohdhar aliniambia, "Mama Mabruka, keti. Binti anaolewa, hapelekwi vitani."

Kilichonitia wasiwasi ni mdogo wangu. Aliolewa Mombasa kwa sherehe kubwa, na mkufu aliovishwa ukageuka rangi shingoni hata kabla hajazoea nyumba. Tulicheka wakati ule. Baadaye tukajua kwamba mwanamume yule alikuwa na mke mwingine Tanga. Tangu hapo kila kinacholetwa na upande wa mwanamume mimi hukitazama mara mbili.

Basi sanduku la Mabruka, la zawadi za upande wa bwana harusi, likaletwa. Wanawake walijaa kwenye vyumba vyetu mpaka wengine wakakaa nje na mke wa mwenye ploti, Nyokabi, ambaye sote tulimwita Mama Njambi. Zikatolewa leso, viatu, manukato, kitambaa cha hariri. Mwisho Bi Mishi akafungua kitambaa chekundu kilichokuwa kifuani mwake, akatoa kipande cha udi. Kilikuwa na urefu wa kiganja, cheusi, kimepindapinda kama mzizi.

"Huu ni wa siku ya kumtoa bibi harusi," akasema. "Nimekaa nao tangu Mombasa. Sijauchoma hata chembe. Niliuweka kwa ajili ya nyumba ya Sharif."

Akaomba maji. Yeye alikuwa na bakuli lake la kioo, anatembea nalo harusi zote, kwa maana ndivyo alivyokuwa akipima udi mbele ya watu. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba udi wa daraja la kwanza ni ule unaozama. Mti uliojaa mafuta yake huwa mzito, unakwenda chini. Ule mwepesi unaelea. Akautia kwenye bakuli, ukazama, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mwanasiti alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Alikuwa jirani ya Bi Mishi kule mjini, mke wa mwalimu wa madrasa, na hakupiga kigelegele. Aliniinamia sikioni.

"Udi wangu ulielea, mwenzangu. Harusi ya binti yangu. Bi Mishi akautoa kwenye bakuli kwa vidole viwili, hivi, kama mtu anayetoa nzi. Akasema, 'Hizi ni kuni za kupikia.' Mbele ya wakwe."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Unaelea, unaelea."

Mimi nilikuwa namsikia nusu tu. Sikio langu lilikuwa limebaki kwenye bakuli. Ule udi ulipofika chini ulifanya *ko*. Na haukushuka mlalo. Ulikwenda kwa ncha moja, wima, kama msumari. Nilipokuwa msichana nilimwona shangazi yangu akipima udi wa kuzama kwenye jagi, na ule wake ulishuka polepole, kama mgonjwa anayejilaza. Haukugonga.

Nikajiambia labda ni kioo. Nikapokea udi kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaufungia kabatini. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso yangu.

Kesho yake niliutoa. Nikaupima kwa mkono wa kulia, nikaupima kwa wa kushoto. Nikaurudisha. Nikaenda kuchambua mchele, nikaacha mchele, nikautoa tena. Mabruka aliporudi kutoka shuleni alinikuta nimeketi kitandani, udi mapajani.

"Mama, unafanya nini na udi wa watu?"

"Hebu ushike. Huu ni mti?"

Akaushika, akaupandisha na kuushusha. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka.

"Una uzito upande mmoja," akasema.

"Basi nimeona vizuri."

"Udi wa kuzama si lazima uwe mzito, mama?"

"Mzito kiasi gani?"

Hilo ndilo swali lililomfanya avue viatu na kukunja mikono ya gauni. Alisema juma lile alikuwa akiwafundisha watoto jambo hilo hilo, kwa jiwe na kopo. Neno lake la Kiingereza ni densiti. Mimi niliishia darasa la tatu na neno lile halikunikaa, lakini kazi yenyewe niliielewa kuliko nilivyodhani, kwa kuwa ni kazi ya mizani.

"Kuzama kunasema kitu kimoja tu," Mabruka alinieleza. "Kwamba kitu kimezidi maji. Jiwe linazama, sindano inazama. Hakusemi kimezidi maji kwa kiasi gani. Tunataka tujue udi huu una uzito gani, na maji yenye ukubwa huu huu yana uzito gani. Basi."

"Utapataje maji yenye ukubwa wa kitu kilichopindapinda hivi?"

"Utautia majini, wenyewe utayasukuma nje."

Alichukua kopo kubwa la mafuta ya Kimbo, akalitoboa karibu na mdomo kwa msumari wa moto. Akakata bua la jani la mbarika, lile lenye tundu katikati, akalichomeka kwenye tundu na kuziba pembeni kwa sabuni ya mche. Tukaketi kiwanjani juu ya mkeka. Akajaza kopo mpaka maji yakatoka kwenye bua, akasubiri yakome yenyewe, tone la mwisho. Ndipo akaweka kikombe cha kahawa chini ya bua, akaufunga udi kwa uzi na kuushusha taratibu. Maji yakaanza kutoka tena, yakaingia kikombeni.

"Hayo ndiyo maji yaliyopisha udi," akasema. "Nafasi yake na yao ni moja."

Akautoa upesi, akaufuta kwa leso ili usinywe maji. Nikaleta mizani. Upande mmoja tukaweka kikombe cha maji, upande wa pili udi pamoja na kikombe kitupu kama kile, ili vikombe visituharibie hesabu. Upande wa udi ukashuka chini na kubaki huko.

Mama Njambi alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Akasimama.

"Mama Mabruka, hiyo kuni yenu inaogeshwa kama mtoto?"

"Tunaipima."

"Mnapima kuni na maji? Sisi tunapima kwa mzigo, na inawaka vile vile."

"Hii si kuni, Mama Njambi. Inanukia."

"Hata mavi ya ng'ombe inanukia," akasema, akaweka ndoo chini na kuketi kwenye kibao chake, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite bila kuliona mwisho.

Mabruka akalijaza kopo upya, akauzamisha udi tena, akapata kikombe cha pili cha maji. Sasa vikawa vikombe viwili vya maji upande huu, viwili vitupu na udi upande ule. Mkono wa mizani ukapanda polepole, ukacheza, ukakaribia kunyooka.

"Karibu mara mbili," akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, kitu hiki kina uzito karibu mara mbili ya maji."

"Na mti unatakiwa uwe na kiasi gani?"

Alimgeukia Mama Njambi, akamuuliza kama nyumbani kwake kuna kitu cha mpingo. Mama Njambi akafikiri, akaingia ndani, akarudi na kichwa cha fimbo kilichovunjika.

"Ya Baba Njambi, ile ya uzee wa kanisa. Alivunja akifukuza mbuzi. Msipoteze, anasema ataunganisha."

Mpingo ulizama kwenye kopo, ukashuka mlalo bila kugonga. Tukapima. Huo ndio mti mzito kuliko yote tuliyoijua, na bado uliyazidi maji yake kidogo tu. Niliongeza iliki upande wa maji, nusu ya kiganja, na mizani ikanyooka.

Sote watatu tukautazama ule udi.

"Hakuna mti wa namna hii," Mabruka akasema. "Kuna kitu ndani. Chuma, au madini ya risasi."

Tukaugeuza ncha kwa ncha, na kwa kuwa sasa tulijua tunatafuta nini, tukakiona. Kwenye ncha moja, ile iliyokwenda chini siku ya sanduku, palikuwa na duara. Ukipitisha ukucha uliteleza. Mtu alitoboa, akatia kitu, akaziba kwa gundi ya sandarusi iliyochanganywa na unga wa udi.

Mama Njambi akaguna. "Kumbe hata nyinyi mnaongeza maji kwa maziwa," akasema, akachukua ndoo yake akaenda.

Mkufu wa mdogo wangu ulinijia mbele ya macho. Nikaanza kuvikusanya vikombe, kimoja nikakiangusha.

"Nitamwambia baba yako jioni hii. Sanduku lirudi kwao."

"Mama."

"Watu wanaotia risasi ndani ya udi wametia nini ndani ya huyo kijana?"

"Mama, maji yametwambia kuna kitu ndani. Hayakutwambia nani alikitia." "Sharif hajui hata ubani ukoje. Na Bi Mishi ameuweka miaka yote hiyo. Kama angejua, angetaka uchomwe mbele ya watu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa hasira. Udi ule ulikuwa uchomwe. Siku ya kumtoa bibi harusi, Mabruka angeketi juu ya kiti cha kamba, chetezo chini yake, nywele zake zimefunuliwa moshini, na wanawake wa mjini wote wamezunguka. Risasi inayeyuka upesi. Ingetiririka juu ya makaa mbele ya macho yao. Mabruka alisema moshi wake ni sumu pia, na mimi nikaona mambo mawili kwa wakati mmoja, binti yangu akivuta moshi ule, na kizee yule amesimama na bakuli lake la kioo, hana pa kuuweka uso.

Siku zile mbili nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara nikasema nitautupa chooni, niseme umeibiwa. Lakini udi wa watu ukiibiwa kwangu, mwizi ni nani? Mara nikasema nitanunua mwingine nibadilishe. Lakini Bi Mishi angeujua wake hata gizani. Mara nikarudi pale pale, kwamba wanajua, kwamba wanatuchezea. Nilichoma wali. Mohdhar aliula, kisha akauliza kama harusi iko karibu au mimi ndiye ninayeolewa.

Siku ya tatu nilipanga vitu vyangu kwenye kapu: kopo la Kimbo, bua jipya la mbarika, vikombe vinne, mizani, kichwa cha fimbo ya Mzee Mungai, na udi. Nikafunika kwa leso, nikapanda basi la mjini.

Bi Mishi alikuwa anafinyanga vidonge, mikono imemganda sukari. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu. Sogeza hilo sinia uketi."

Niliketi. Nikasimama kutazama dirishani. Nikaketi. Yeye aliendelea na vidonge vyake na maneno yake, akanieleza habari za udi ule bila mimi kuuliza. Aliupata kwa mchuuzi aliyepita Mombasa, mwaka mmoja baada ya kuolewa. Mchuuzi alikuwa na bakuli, na vipande vyake vyote vilielea isipokuwa kimoja. Bi Mishi alivua vipuli vyake vya dhahabu palepale mlangoni, alivyopewa na mama yake, akampa. Mumewe hakusema naye siku nzima. Baadaye, walipohamia Nairobi, wakati wa dhiki walipouza kitanda na cherehani ya pili, udi haukuguswa. Kila Maulidi alikuwa akiutia majini jirani wauone, kisha anaurudisha kwenye kitambaa.

"Hata Sharif alipokuwa na ndui," akasema, "niliambiwa niuuze. Nikasema huu ndio nyumba yake."

Nilisimama tena.

"Mama Mabruka," akasema bila kunitazama, "una jambo, limekukaa kooni. Liteme. Ni mahari?"

"Si mahari."

"Kijana amefanya kitu?"

"Ni udi."

Nikamwambia. Sikujua kusema kwa mafumbo, nilisema yote moja kwa moja kama mtu anayemwaga kapu: *ko* ya bakuli, ncha, vikombe, mpingo, duara. Alipomaliza kunisikiliza alikwenda kuosha mikono. Alikaa huko muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu.

"Umeniletea mizani nyumbani kwangu," akasema. "Umekuja kupima udi au umekuja kunipima mimi?"

Ningeweza kusema uongo wa adabu. "Vyote viwili," nikasema.

Akanitazama, kisha akatoa sauti ndogo ya kicheko puani. "Afadhali umesema. Weka vitu vyako hapa chini."

Hakukubali nifanye mimi. Alijaza kopo mwenyewe, akangoja tone la mwisho, akashusha udi kwa uzi wa kushonea. Alipopima na kuona, alibadilisha sahani, akaweka maji kulia na udi kushoto, asije akawa anadanganywa na mkono wa mizani. Ikawa vile vile. Akapima kichwa cha fimbo. Akakishika kichwa cha fimbo mkono huu na udi mkono ule, akafumba macho.

"Ni karani gani aliyekufundisha hivi?"

"Mabruka."

"Anasoma sana huyo."

Akachukua kisu na nyundo ya mumewe ya kupigilia vifungo. Sikuthubutu kumzuia. Alipiga mara moja kufuata uzi wa mti, udi ukapasuka, na kijiti cha risasi, kinene kama kidole cha mwisho, kikaanguka kwenye sinia kati ya vidonge.

Nje fundi cherehani alikuwa anakanyaga mashine yake, anasimama, anakanyaga.

"Vipuli vya mama yangu," akasema.

Kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia mimi na Mabruka, na Mama Njambi aliona lakini kwake ni mchezo wa maji na kuni. Mohdhar hajui. Akauliza, kama anayeogopa jibu, kama tulikuwa tumefikiri ni Sharif. Nikamwambia nilifikiri. Mabruka hakufikiri.

"Sharif hajui tofauti ya udi na mkaa," akasema. "Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa langu."

Akavichukua vile vipande viwili vya udi, akavitia kwenye bakuli la kioo. Vikaelea. Akavisukuma chini kwa kidole, vikarudi juu. Akavisukuma tena. Nilitaka kumshika mkono.

"Wa Mwanasiti ulielea hivi hivi," akasema.

Alikata chembe akaitia kwenye kaa. Moshi ulipanda mwembamba, ukajaa chumba, na nilisikia harufu ile ya nyumba ya shangazi yangu. Ulikuwa udi. Si wa kwanza, labda wala si wa pili, lakini ulikuwa udi mtupu, na kama yule mchuuzi asingeutia risasi ungekuwa mali ya halali.

Tulipatana kwamba ataukatakata uwe vijiti vidogo. Vijiti havipimwi na mtu, vinatiwa tu moshini. Hakuna atakayejua. Nilirudi Kabiria na kapu langu, na ningepaswa kutulia, lakini mimi nilijua wanawake wetu. Bakuli lile lilikuwa limewazoeza. Wangelitaka.

Siku ikafika. Mabruka aliketi kwenye kiti cha kamba, nywele zimeachwa, leso mpya zimemfunika mabega. Makaa yalikuwa mekundu. Mama Njambi alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, akiwaambia wengine waingie kwa zamu. Mimi nilikuwa nimeshika chetezo, nakisogeza huku, nakirudisha pale, mpaka majivu yakaruka.

Bi Mishi akatoa kitambaa chekundu. Na kabla hajakifungua, Mwanasiti akasema kutoka kule nyuma, kwa sauti tamu, "Leo hatuoni bakuli, Bi Mishi?"

Wengine wakacheka kidogo. "Kweli, tuuone ukizama mara ya mwisho," mmoja akasema.

Nilifungua mdomo niseme makaa yanazimika. Bi Mishi alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Lipo," akasema. "Leteni maji."

Wakaleta. Akafungua kitambaa, akavimwaga vile vijiti vyote kwenye bakuli. Vikatawanyika juu ya maji kama majani. Mabruka aligeuza kichwa kunitazama.

Bi Mishi alifungua fundo la leso yake, akatoa ile risasi. Akainyanyua waione, akaiachia juu ya bakuli.

*Ko.*

"Hii ndiyo iliyokuwa inazama," akasema. "Mnaisikia? Nimeitunza kwenye hariri miaka yote tangu Mombasa, nikawaonyesha kila Maulidi. Mkwe wangu ndiye aliyeigundua. Msimtazame mama yake, ni huyu aliyeketi hapa. Nimeletewa mkaza mjukuu mwenye akili, sina wa kumlaumu."

Mtu mmoja akacheka kwa woga.

"Mwanasiti," Bi Mishi akasema.

"Abee."

"Wako niliutoa kwa vidole viwili mbele ya wakwe zako. Wako ulielea kwa kuwa haukuwa na kitu ndani ila udi. Njoo leo uutoe wangu."

Mwanasiti alikuja. Watu walimpisha. Aliinama juu ya bakuli, na nilimwona akivikusanya vidole viwili, kisha akavifungua. Aliingiza kiganja kizima, akavikusanya vile vijiti kidogo kidogo, akavikung'uta maji, akavifuta kwa leso yake mwenyewe. Risasi aliiacha chini. Akaja pale niliposimama, akavitia kwenye chetezo, makaa yakachemka kidogo kwa unyevu.

"Kuni za kupikia hazinukii hivi," akasema.

"Hazinukii," Bi Mishi akajibu. "Mama Mabruka, acha kuhangaika, sogeza chetezo chini ya nywele."

Nikasogeza. Moshi ukapanda, ukapita kwenye nywele za binti yangu, ukaenda mpaka kwa Mama Njambi mlangoni, ambaye alisema kwa sauti kwamba sasa ameelewa kwa nini ilikuwa inaogeshwa.

Bi Mishi aliendelea na kazi yake miaka mingine mitano, mpaka macho yalipomwacha. Udi wa watu aliupima kwa kaa na pua, na ukimletea wenye kuzama aliutoboa kwanza kwa sindano ya kushonea magunia. Bakuli la kioo lilikwenda jikoni kwa Mabruka, likawa la kuoshea mchele. Risasi ilipelekwa Waithaka, kwa watoto wa kidato cha pili. Nilimrudishia Mzee Mungai kichwa cha fimbo yake, na hakuiunganisha kamwe.

Sharif ni mkwe mwema mpaka sasa. Nasema mpaka sasa. Nikiwa kwao na kitu kikaanguka majini, kijiko au sahani, bado naacha ninachofanya na kugeuka kusikiliza.